Mikono Mifukoni

Mtu akibisha mlango wa Attracta Cryan akasema ametoka Marekani kutafuta kwao, hupewa kiti kabla hajamaliza kutaja jina la babu yake. Ndivyo alivyolelewa, na ndivyo walivyolelewa wote wa kijiji cha Derrynacarta, na kama kuna mahali mtu anaweza kuadhibiwa kwa kulelewa vizuri, basi ni pale. Kwa hiyo alasiri ile ya Mei, jirani yao Fintan Tansey alipoingia uani na mzee mnene aliyevaa kofia mpya ya sufi, akasema, "Attracta, nimekuletea ndugu yako," Attracta hakuuliza ni ndugu gani. Alijifuta unga mikononi, akaweka birika motoni.

Mzee yule aliitwa Randall Sobczak, mkazi wa Cleveland, Marekani, na alikuwa mtoto wa Delia. Delia alikuwa shangazi yake Attracta. Aliondoka Derrynacarta akiwa msichana, na hakurudi hata kuzika wazazi. Kikombe chake cha bluu kilikuwa bado kinaning'inia kwenye kabati la vyombo, maana kikombe cha aliyekwenda ng'ambo hakitumiwi na mtu. Huoshwa kila mwaka kabla ya Krismasi, kikarudishwa kwenye ndoano yake. Attracta alikishusha, akakijaza chai, akamwekea Randall mbele yake.

"Hicho ni cha mama yako," alimwambia.

Randall aliangua kilio. Alilia waziwazi, mabega yakimtikisika, na Colman, mume wa Attracta, ambaye hakuzoea wanaume wanaolia kabla ya kulewa, akamsogezea keki ya tufaha kwa haraka.

"Kula, bwana. Kula kwanza. Machozi yatakusubiri."

Alikula, akasimulia. Miaka sita alikuwa akilitafuta shamba la babu yake, Thady Cryan. Aliandikia maparokia, alilipa watu wa kumpekulia vitabu vya ubatizo, alitumia likizo mbili akigonga milango ya akina Cryan wasio wake, na mmoja wao alimfungulia mbwa. Mpaka asubuhi hiyo alipokutana na Fintan barabarani, akamwonyesha picha ya nyumba yenye bomba la moshi lililoinama. Fintan alicheka, akamwambia bomba hilo huliona kila akifungua dirisha lake.

"Na hapa ndipo babu alipokaa?" Randall aliuliza, akiushika ukuta wa jiko kama mtu anayepima homa ya mtoto.

"Hapo hapo. Na baada yake Mjomba Malachy, kaka wa mama yako. Alifariki mwaka jana, Mungu amrehemu."

Kwa kweli Malachy alikuwa baba mdogo wa Attracta, lakini parokia nzima ilimwita Mjomba. Hakuoa. Baba yake Attracta alipoangukiwa na kifusi kwenye ujenzi huko Uingereza, Malachy ndiye aliyemchukua mtoto na mama yake, na tangu siku hiyo Attracta alikamua, alikata mboji ya bwawani ya kuwashia moto, alivuta ndama tumboni mwa mama zao usiku wa barafu. Alipoolewa, mume ndiye aliyehamia kwake badala ya yeye kuhamia kwa mume, na Colman aliuvumilia utani wa baa nzima kwa ajili hiyo. Malachy alipoishiwa nguvu, Attracta ndiye aliyemwosha na kumlisha kwa kijiko hadi siku ya mwisho.

"Kwa hiyo alikuachia wewe shamba," Randall alisema, mdomo umejaa keki.

"Hakuandika kitu," Attracta alijibu huku akimwongeza chai. "Alikuwa anasema mtu akiandika wosia anakiita kifo. Lakini ilijulikana tu. Si ndiyo, Fintan?"

"Ilijulikana," alisema Fintan, akiangalia chai yake.

Randall alilala kitandani kwa marehemu, chini ya blanketi la umeme, siku zote alizokaa. Alipiga picha kisima, lango, kuku, na viatu vya mvua vya Colman. Siku ya kuondoka Attracta alikifunga kile kikombe kwa magazeti, akampa. Colman alimuuliza baadaye kwa nini ametoa kitu kilichotunzwa miaka yote hiyo.

"Si kilikuwa kinamsubiri mwenyewe?" alisema Attracta.

*

Walikuwa wamemaliza kuingiza majani makavu ya ng'ombe pale wakili wa mjini, Bwana Hession, alipowaita ofisini kwake. Hakuwapa chai. Aliwaeleza kwamba ameandikiwa na mawakili wa Bwana Sobczak. Marehemu Malachy hakuacha mke, wala mtoto, wala wosia, na ndugu zake wote wametangulia. Mirathi inakwenda kwa watoto wa ndugu, nao ni wawili tu, Attracta na Randall. Nusu kwa nusu.

Attracta aliona maneno yanapita lakini hayamkai kichwani. "Nusu ya nini?"

"Ya vyote, mama. Ekari thelathini na nne, nyumba, mabanda."

"Nyumba ninayolala?"

"Hiyo hiyo."

"Huyo mtu hajawahi kushika hata uma wa mbolea pale! Mimi nimemwosha Malachy. Nimembeba kwa mikono hii kwenda chooni."

Bwana Hession alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya, na ubaya wa mambo haya ni kwamba mara nyingi humkuti mtu mbaya wa kumkaba koo. "Una chochote alichokuandikia? Alikulipa mshahara, labda?"

"Kwani mtu analipwa mshahara kwao?"

"Basi hapo ndipo palipo na shida," alisema wakili.

Njiani kurudi, Colman aliendesha gari hadi kwenye njia panda, ndipo akasema jambo lililomuuma tangu ofisini. "Unajua, yule binti wetu Dervla yuko ng'ambo, Perth. Atazaa huko. Siku moja mtoto wake atarudi kulia kwenye jiko la mtu."

"Akirudi," Attracta alisema, "atalia, atakula, ataondoka. Nitamfundisha hivyo kwa simu."

*

Randall alipiga simu mwenyewe Jumapili moja. Alikuwa na sauti ile ile ya machozi. Alisema mkewe Lorraine anaumwa figo, na kule kwao figo hula nyumba za watu. Asingeliomba hata senti kama si hilo. Mawakili wanataka shamba lipigwe mnada ili bei ya haki ijulikane, lakini yeye amewakatalia. Yeye na Attracta ni damu moja. Ampe yuro laki moja tu, atasaini, na nyumba ya babu itabaki kwenye familia.

"Nitafikiri," Attracta alimjibu, akakata simu bila kumwulizia hali Lorraine. Baadaye jambo hilo lilimwudhi, kwamba mtu anakunyang'anya nyumba na bado wewe ndiye unayejiona huna adabu.

Laki moja ilikuwepo, kwa maana kwamba benki ilikuwa tayari kuwafunga minyororo. Walikwenda, wakakaa mbele ya kijana mwenye viatu vilivyochongoka aliyemwuliza Attracta kazi yake. Akasema analima na kufuga. Kijana akauliza mwajiri ni nani. Akasema hakuna. Kijana akaandika kwamba hana kazi, akamgeukia Colman, dereva wa basi la shule, akazungumza naye tu hadi mwisho. Walipewa hadi laki moja, si zaidi, na Colman angelipa mpaka afikie umri wa kushindwa kupanda basi lenyewe.

Jioni ile Fintan alikuja kama alivyozoea, kwa mlango wa nyuma, bila kubisha. Alikuwa mjane, mashamba yao yametenganishwa na ukuta mmoja wa mawe, na kwa miaka yote walikata majani pamoja na kuazimana trekta. Yeye ndiye aliyeshika kona ya mbele ya jeneza la Malachy. Walimweleza yote, mezani, mbele ya viazi na nyama ya nguruwe.

Fintan alitafuna taratibu. "Laki moja? Kwa nusu ya kinamasi? Huyo mtu anawaona mazuzu."

"Ndiyo bei aliyotaja," alisema Colman. "Mimi nasema tulipe yaishe."

"Wewe Colman, samahani, wewe ni mtu wa kuja. Hujui mambo ya hapa." Fintan alimgeukia Attracta. "Dada, lini umeona mtu wa parokia hii akinyoosha mkono kwenye mnada dhidi ya mwenye kwao?"

"Sijaona."

"Na hutaona. Shamba la akina Geraghty lilipouzwa, ukumbi ulijaa pomoni, na nani alitaja bei? Mama Geraghty peke yake. Watu walitia mikono mifukoni wakatazama dari. Alilichukua kwa bei ya ng'ombe wachache. Acha hilo Yanki la Cleveland lipeleke mnadani. Utataja elfu themanini, dalali atabembeleza wee, hakuna atakayejibu, atagonga nyundo. Nusu ya hiyo themanini ni yako mwenyewe. Yeye atapata arobaini, na salamu."

Colman aliweka uma chini. "Na akija mtu wa mbali?"

"Wa mbali aje kununua matope ya Derrynacarta afanyie nini? Supu?"

Attracta alicheka, kwa mara ya kwanza tangu majira ya joto. Na ni lazima isemwe, kwa sababu yeye mwenyewe hakujificha nayo baadaye: lililomvuta halikuwa akiba ya pesa peke yake. Alitaka Randall akae kwenye ukumbi ule aone. Aone watu wote wa kwao mama yake wamesimama kimya upande wa Attracta, ndipo ajue tofauti ya kwao na kwa mgeni. Hasira ikishika usukani, akili hukaa kiti cha nyuma.

"Mwambie wakili," alimwambia Colman, "mnada."

*

Mnada ulifanyika hotelini mjini, kwenye ukumbi wa harusi, na hakuna aliyekumbuka kuondoa maputo ya Jumamosi. Watu wa Derrynacarta walianza kuingia mapema. Walikuja na makoti ya kanisani, hata wale ambao hawana uwezo wa kununua banda la kuku, na mmoja mmoja walipita mbele ya Attracta wakimtikisia kichwa. Bibi Concepta Geraghty, mwenye miaka themanini na ushei, aliletwa na mjukuu wake, akagoma kukaa kiti.

"Nitasimama," alisema. "Wao walinisimamia mimi."

Wakajipanga ukutani, nyuma na kando. Dalali alipopanda jukwaani, mikono yote iliingia mifukoni kwa pamoja. Fintan alikuwa katikati yao, koti limefungwa vifungo, mikono imezama hadi vifundoni. Attracta alimtazama, akajisikia kulia kwa shukrani. Randall alikaa mstari wa mbele na kofia yake magotini, akawatabasamia watu, na hakuna hata mmoja aliyemrudishia.

Kwenye meza ndogo ubavuni mwa dalali kulikuwa na msichana mwenye simu sikioni. Attracta alidhani ni karani.

Dalali alisoma maelezo ya shamba, ekari, kisima, nyumba "yenye kuhitaji ukarabati," na hapo Colman akaguna maana paa alilitengeneza yeye. Kisha akaomba bei ya kufungulia.

"Elfu themanini," alisema Attracta. Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia.

"Elfu themanini, nashukuru, mama. Nani ataniambia tisini?"

Kimya. Mtu alikohoa. Dalali alitazama huku na huku, akasifia kisima, akasifia njia, akauliza kama wamekuja kwenye mnada au kwenye mkesha wa maiti. Watu walitazama maputo. Attracta alianza kuhesabu pumzi zake. Nyundo iliinuliwa.

Msichana wa simu akanyanyua kalamu.

"Laki moja," alisema, "kwa simu."

Ukumbi mzima uligeuka. Palitokea mnong'ono kama wa nyuki. "Nani huyo?" mtu aliuliza kwa sauti, na mwingine akasema, "Ni wale wa kampuni za misitu, wanapanda misonobari mpaka mlangoni mwa watu." Fintan alitikisa kichwa kwa uchungu.

"Laki moja na kumi," alisema Attracta.

"Laki moja na ishirini, kwa simu."

Ikawa hivyo. Attracta anasema, simu inajibu, bila kupumua, bila uso. Ungeweza kumwangalia machoni mtu aliyesimama, ungeweza kumwaibisha kwa jina la baba yake. Lakini simu utaiambia nini? Benki iliwapa laki moja, na kwa kuwa nusu ya bei ingemrudia mwenyewe, angeweza kufika laki mbili, si zaidi. Alifika laki mbili.

"Laki mbili na kumi," alisema msichana kwa upole. Hata yeye ilionekana anasikia aibu.

Attracta alimgeukia Colman. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepekua mifuko yote na kuona haina kitu. Bibi Concepta alisema kwa sauti ya kanisani, "Aibu! Aibu kwenu wenye kupigia simu!"

Nyundo ilishuka.

*

Randall alimfuata kwenye korido ya choo. Kweli alikuwa analia, na pua imekuwa nyekundu.

"Attracta, naapa, nilidhani utalichukua wewe. Wote waliniambia utalichukua wewe. Ningejua..."

"Ungejua ungefanya nini?"

Alipenga kamasi. Watu walipita kati yao kwenda haja, wakiwaomba samahani.

"Lorraine atapata matibabu," alisema hatimaye. "Nataka ujue pesa haiendi kwenye upuuzi."

"Mungu amponye," alisema Attracta, na alimaanisha, maana mgonjwa hana kosa.

Randall akaingiza mkono kwenye koti, akatoa chupa ya jemu iliyooshwa, kifuniko chake kimefungwa vizuri. "Kuna jambo moja. Nilitaka kuomba udongo kidogo. Wa pale karibu na kisima. Niweke kwenye kaburi la mama."

Attracta aliitazama ile chupa. Aliitazama kwa muda hadi Colman aliyesimama nyuma yake akamshika kiwiko.

"Kikombe nilikupa," alisema. "Kitanda nilikupa. Udongo si wangu tena, na wala si wako. Umeuuza. Kamwombe uliyemuuzia."

*

Wakaambiwa wana bahati. Hiyo ndiyo iliyomchoma kuliko yote. Dukani, posta, kwa daktari, kila mtu alijua kwamba Attracta ana laki moja na ushei benki, na kila mtu alimpigia hesabu. "Pumzika sasa, mama! Nendeni Perth mkamwone binti!" Walikuwa wamepanga nyumba nyuma ya kituo cha mafuta, vyumba viwili, ukuta mwembamba kiasi cha kusikia jirani akigeuka kitandani. Ng'ombe waliuzwa. Attracta aliamka saa ile ile ya kukamua, akakaa jikoni amevaa koti, akisubiri kuche.

Aliyenunua hakujulikana. Kwenye hati lilikuwa jina la kampuni fulani ya Dublin, na watu walilaani misonobari ambayo bado haijapandwa.

Machi ilipofika, Attracta alikumbuka rubabu yake, mmea wa kupikia jemu. Ilikuwa imeota nyuma ya banda tangu enzi za mama yake, na mabua yake mekundu ndiyo ya kwanza kutoka baada ya baridi. Kampuni ya Dublin isingekosa usingizi kwa kikapu cha rubabu. Colman alimshusha kwenye njia panda, naye Attracta akapanda mlima kwa miguu.

Nyumba ilikuwa imefungwa, bomba la moshi limeinama vile vile. Alipita ubavuni na kutoka upande wa Shamba la Kisima, na hapo akasimama.

Ukuta haukuwepo. Ule ukuta wa mawe kati yao na Tansey, alioutengeneza mwenyewe kila mwaka baada ya baridi kuubomoa, ulikuwa umefunguliwa uwazi wa kupitisha malori mawili, na mawe yamerundikwa kando vizuri. Ng'ombe wenye pua nyeupe walikuwa wamezunguka kisima. Aliwajua. Mmoja wao ni Attracta mwenyewe aliyemvuta tumboni mwa mama yake usiku Fintan alipokuja kumwamsha, akitetemeka.

Fintan alikuwa akipigilia nguzo ya lango jipya. Alipomwona, aliendelea kupigilia kidogo, kana kwamba nyundo ndiyo iliyomshika yeye.

"Attracta," alisema.

"Ulikuwa wewe."

"Hebu tusizungumze hapa kwenye upepo..."

"Ulikuwa wewe kwenye simu."

"Mimi nilikuwa ukumbini. Uliniona. Ulimwona nani akinyoosha mkono? Mimi nilinyoosha mkono?" Alisema hivyo kwa uchungu wa kweli, kama mtu aliyeonewa, na Attracta akaelewa kwa mshangao kwamba anaamini anachosema. "Yule ni wakili wa Dublin. Nilimwachia maagizo. Mimi sikuvunja desturi yoyote."

"Ulikula mezani kwangu. Ulinikataza kumlipa laki moja. Ningelipa, Fintan! Colman alitaka tulipe!"

"Shamba la kugusana na lako huuzwa mara moja katika maisha ya mtu," alisema Fintan. Sasa naye sauti ilimpanda. "Mara moja! Ningekaa nitazame misonobari? Kama si mimi wangekuja wale. Mimi angalau ni mtu wa hapa. Na si umepata pesa nzuri? Nani alikupandishia bei? Ungelipata kwa themanini, Yanki angeambulia arobaini na mke wake angekufa. Fikiria na hilo."

Attracta alimfikiria Randall na chupa yake ya jemu. Yule mpumbavu alikuja kwa mlango wa mbele, mchana kweupe, akasema jina lake na anachotaka. Huyu aliingia kwa mlango wa nyuma kwa miaka arobaini bila kubisha.

"Rubabu chukua," alisema Fintan, sauti imelainika. "Njoo wakati wowote. Huhitaji hata kuomba."

Attracta alirudi kwenye njia panda na kikapu kitupu. Colman alipomwona uso alizima injini, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka mikono kwenye usukani.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Na mimi ndiye mtu wa kuja."

Hawakumwambia mtu. Haikuhitajika, ng'ombe wanaonekana kutoka barabarani.

*

Jumapili iliyofuata Attracta alivaa koti lake la kijani, lile la siku ya mnada, akasema wanakwenda misa Derrynacarta. Colman alisema kuna kanisa hapo hapo mjini, hatua chache. Akamwambia anajua.

Kanisani kule mabenchi hayana majina lakini kila mtu anajua lake. La akina Cryan ni la nne kushoto. La tatu, mbele yake tu, ni la akina Tansey, na Fintan alikuwa ameshakaa, shingo imenyolewa vizuri. Watu walikuwa wengi kuliko kawaida. Bibi Concepta Geraghty, ambaye nafasi yake ni upande wa pili, alikuja akimkokota mjukuu, akajisogeza bila kuomba ruhusa hadi akakaa bega kwa bega na Attracta. Alinuka kafuri.

Padri alikuwa kijana kutoka Nijeria aliyewazika watu wao vizuri na hakujua lolote la mashamba yao, au alijua na kunyamaza. Alihubiri, wakasimama, wakapiga magoti, wakasali Baba Yetu. Kisha akafungua mikono, akasema kama kila Jumapili:

"Tutakiane amani."

Watu wakaanza kugeukiana. Fintan Tansey naye aligeuka. Huenda aliogopa kutogeuka, huenda aliamini kabisa kwamba hapo mbele ya Mungu mambo yatakwisha. Alimtazama Attracta, macho yamelowa kidogo, na mbele ya kanisa zima akanyoosha mkono.

Attracta aliutazama. Ulikuwa mkono mkubwa, safi, kucha zimesuguliwa. Mkono ambao ukumbini haukuonekana.

Akatia mikono yake mifukoni.

Ndani ya mifuko hiyo hapakuwa na kitu ila leso na tiketi ya kuegesha gari, lakini mikono aliisukuma mpaka chini kabisa. Ubavuni kwake Bibi Concepta aliachia mkongojo ukaegemea benchi, akaanza kupapasa koti lake, polepole, mfuko huu, halafu ule. Colman akatia yake. Nyuma yao viatu vilisogea sakafuni, nguo zikachakarika, benchi la tano, la sita, upande wa pili, na wale waliokuwa wameshikana mikono wakaachana.

Mkono wa Fintan ulibaki pale pale hewani, juu ya benchi, hadi padri alipochukua mkate.